Vioo Vinne vya Daraja

4 Februari

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limetulia na mama amepona kile kikohozi. Mimi ni mzima wa afya, ila macho yamechoka kwa kushangaa. Sikupiga simu kwa sababu ulishasema maneno ya simu yanapotelea hewani, na haya sitaki yapotee.

Ile kazi nimeipata. Sasa mimi ni karani wa mwenyekiti wa ile kampuni ya mawe ambayo malori yake unayaona kila siku darajani kwako. Baba, jengo lao sijui nikueleze vipi. Milango inafunguka kabla hujaigusa. Zulia ni nene kiasi kwamba siku ya kwanza nilitembea nikadhani nimekuwa kiziwi. Mwenyekiti mwenyewe ni mzee mfupi, mpole, na wafanyakazi wanamwita Kimya, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Anachotaka anakisema mara moja tu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, na kinafanyika.

Jumanne nimeona jambo ambalo bado sijamaliza kulistaajabia. Saa tatu asubuhi walikuja wakubwa wa chama tawala. Mezani nilikuwa nimetandika kitambaa cha rangi yao, kama nilivyoagizwa. Kimya akawapa hundi, akasema kampuni inaamini demokrasia na inapenda kuichangia, wakapigwa picha, wakanywa chai, wakaenda zao. Hapo Mama Chai, yule anayetupikia chai ofisini na ndiye rafiki yangu pekee hapa, akaniambia, "Haraka, badilisha kitambaa." Saa tano wakaingia wakubwa wa upinzani. Rangi yao mezani, hundi ile ile, maneno yale yale, hata kale kamzaha kuhusu mvua kakarudiwa. Viti vilikuwa bado na joto la wale wa kwanza. Na hawa ni watu wanaotukanana redioni kila siku, baba. Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. Kumbe zizi ndilo mbalimbali, hori ni lile lile.

Na hakuna aliyeombwa kitu. Nilitega sikio nisikie wataombwa nini, sikusikia. Leo ndipo Kimya amenipa nusu karatasi yenye mwandiko wake, niichape kesho kwa mtindo wa muswada wa sheria, nakala mbili, moja kwa kila chama. Inasema uzito unaoruhusiwa wa lori pamoja na mzigo wake upandishwe kutoka tani arobaini na nane hadi hamsini na sita, barabarani na madarajani. Hapa naogopa kuuliza, wasije wakaniona mshamba. Hizo tani nane ni kitu kikubwa au kidogo? Wewe ndiye unayejua.

Msalimie mama sana.

Ni mimi mwanao,
Kifunguamimba


19 Februari

Kwa mwanangu Kifunguamimba,

Marahaba. Goti liko palepale, linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako kikohozi kimemwacha, amebaki na maneno tu. Anauliza kama hiyo milango inayofunguka yenyewe inajua na kuosha vyombo. Tumefurahi mno kwa kazi yako. Barua nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Umeuliza tani nane ni kitu gani. Acha nikujibu kifundi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa tulipomwaga zege la nguzo ya kwanza. Waliniteremsha kwa kamba ndani ya shimo lenye kina cha nyumba tatu, mto unanguruma ubavuni, nikaweka kiganja changu juu ya mwamba ambao jua halijawahi kuuona. Tangu nizaliwe sijapata hofu tamu kama ile. Watu wanapita juu na baiskeli zao, hawana habari na kilichoko chini. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Yule mhandisi aliyelichora, siku anaondoka, alinikabidhi Kitabu cha Daraja, akaniambia: "Hili litabeba tani arobaini na nane. Sijaamua mimi. Nimeliuliza, na lenyewe limenijibu." Namba hiyo niliipaka kwa mkono wangu kwenye kibao, na tangu siku hiyo ndimi mtunza daraja.

Vile vioo unavikumbuka? Wewe ndiye uliyekuwa ukinishikia ngazi. Zege lolote lina nyufa, hata mikono ya mama yako inazo, na ufa wenyewe si kosa. Kosa ni ufa unaotembea. Kwa hiyo juu ya kila ufa mkubwa nimegandisha kipande cha kioo chembamba, saruji huku na saruji huku, nikaandika tarehe. Chuma kinaweza kujivuta, mbao inaweza kujipinda, lakini kioo hakijui kusema uongo. Ufa ukisogea unene wa unywele, kinavunjika. Viko vinne, vina miaka ishirini na sita, na vyote ni vizima. Kikivunjika, utaratibu wake uko kwenye ukurasa wa mwisho wa Kitabu, lakini ukurasa huo sijawahi kuuhitaji.

Sasa chukua ng'ombe ishirini, uwapandishe juu ya kila lori. Hizo ndizo tani zako nane. Malori mia mbili kwa siku. Kampuni itapunguza safari, na faida itapanda, na daraja si lao, kwa hiyo litakalochakaa si mali yao. Wazee walisema penye udhia penyeza rupia. Leo nimejua kwamba udhia wenyewe ni kibao changu.

Chapa unachopewa, ndiyo kazi uliyoomba. Ila macho yako usiyaache kwenye zulia.

Baba yako,
Fundi


8 Julai

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo yake mama. Hamjambo huko? Mnisamehe kwa kukaa miezi bila kuandika. Uchaguzi ulitumaliza ofisini. Najua hata nguzo zako zilibandikwa picha za pande zote mbili, maana mama alinipigia akisema ulizibandua kwa brashi ya waya huku ukihutubia peke yako kuliko wagombea. Basi aliyeshinda ameshinda, aliyeshindwa ameshindwa, na sisi tumewapelekea wote maua.

Jana Kimya alinichukua kwenda naye bungeni, nimbebee mafaili. Tulikaa juu, kwenye roshani ya wageni. Baba, ukumbi ule unaweza kumfanya mtu asahau jina lake. Dari iko mbali kama ya msikiti mkuu au kanisa kubwa, viti vimepangwa mia tatu, na neno moja likisemwa chini linafika juu zima zima. Asubuhi nzima walitukanana kuhusu nani abandikwe jina kwenye barabara fulani. Mmoja alirusha viatu. Nikasema moyoni, hawa hawawezi kukubaliana hata kwamba leo ni Jumatatu.

Halafu ukaitwa muswada wetu. Waziri akasimama akausifu. Kiongozi wa upinzani akasimama, nikajua sasa moto unawaka, naye akasema kwa mara ya kwanza mwaka huu upande wake unaunga mkono kwa sauti moja. Spika akaomba mikono. Mikono ile yote, kulia na kushoto, ikainuka pamoja. Nywele zilinisimama. Kwa saa yangu zilikuwa dakika sita. Nimewahi kuona mafuriko na nimewahi kuona mlima ukimomonyoka, lakini nguvu isiyo na kelele namna ile sijawahi kuiona, na nakiri kwamba niliipenda kwa muda mfupi.

Kisha Spika akaisoma namba. Tani sitini na tano.

Nilidhani masikio yamenidanganya. Nikafungua faili mapajani. Kwenye nusu karatasi, mwandiko wa Kimya unasema 56. Kwenye muswada nimechapa mimi, 65. Nilizigeuza tarakimu, baba. Na kwa kuwa sheria inataka namba iandikwe na kwa maneno ili isilete utata, nikaandika "sitini na tano" kwa maneno, nikifuata kosa langu mwenyewe kwa uangalifu mkubwa. Nakala zote mbili. Zimepita kwa wanasheria wa vyama, zimepita kwa kamati, zimepita kwa waziri, zimepita kwa watu mia tatu. Hakuna aliyesoma, kwa sababu kila mmoja alishajua jibu lake tangu siku ya chai. Kidole changu kimekuwa sheria ya nchi.

Kimya alikuwa pembeni yangu. Aliinua nyusi moja, akatabasamu kidogo, akaniambia nifunge faili.

Nimelia chooni hadi Mama Chai akaja kugonga. Baba, lile daraja linaweza kubeba sitini na tano? Niambie linaweza.

Mwanao,
Kifunguamimba


21 Julai

Kwa mwanangu,

Marahaba. Sisi ni wazima, nawe tunakuombea uzima.

Haliwezi. Litabeba leo na litabeba kesho, maana daraja lina heshima, halikuangukii siku ya kwanza. Lakini malori yalianza kupita na mzigo mpya wiki iliyopita, nami nilikuwa chini, nimeweka kiganja kwenye nguzo kama ninavyofanya kila asubuhi. Miaka yote hiyo ninaujua ule mtetemeko wa daraja. Safari hii lilitetemeka na likachelewa kuacha. Alhamisi kioo cha kwanza kimevunjika, kile cha nguzo ya tatu. Kimekatika katikati, safi, kama kimekatwa na fundi.

Nimefungua ule ukurasa wa mwisho kwa mara ya kwanza. Kwa kioo cha kwanza unasema: toa taarifa. Nimetoa. Idara ya barabara wamejibu kwa kuniletea kopo la rangi nyeupe, na amri niandike 65 kwenye kibao. Kopo liko chini ya kitanda na mama yako amelifunika kwa ndoo.

Kuhusu wewe, sitaficha, nilikasirika. Nilivuka daraja kwenda na kurudi mara tatu katika mvua, mama yako ananifuata na mwavuli bila kusema neno, na unajua ni mara chache mama yako hukosa la kusema. Nilipotulia nikapiga hesabu nyingine. Kukosea kwako kulichukua sekunde moja. Kutosoma kwao kumechukua miezi mitano.

Ile nusu karatasi iko wapi?

Baba yako,
Fundi


2 Septemba

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mko salama. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Karatasi ninayo, iko kwenye droo yangu. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nikitafuta ujasiri, na nilipoupata nilikwenda nao kwa Kimya badala ya kwingine. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Kwamba namba niliigeuza mimi, kwamba baba yangu ndiye mtunza lile daraja, kwamba kioo kimevunjika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanivutia kiti, akanimiminia chai kwa mkono wake.

"Binti," akasema, "wewe hukukosea. Ungekuwa umekosea kama kungekuwa na mtu wa kusoma."

Nikamwambia yeye mwenyewe aliomba hamsini na sita.

"Ndiyo. Na muuzaji akikuzidishia kipimo sokoni, humrudishii."

Basi. Hakukasirika, hakunitisha. Karatasi yenye mwandiko wake hata hakuiuliza, na anajua ninayo. Hilo ndilo lililonitetemesha, baba. Mtu huficha anachokiogopa. Yeye haogopi kitu, kwa sababu kila mahali ambapo ningeweza kuipeleka, ameshanywa chai na wenyewe.

Wiki iliyofuata nimepandishwa cheo. Nina chumba chenye dirisha, naona mji wote mpaka unapoishia. Naona aibu kuliandika hili. Ninakaa dirishani najaribu kukisia uliko, na mkono mtupu haulambwi, lakini huu wangu uliojaa nao siwezi kuulamba.

Umenisamehe?

Mwanao,
Kifunguamimba


17 Septemba

Kwa mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mama yako mzima.

Kioo cha pili kimevunjika. Ukurasa unasema: toa taarifa tena. Nimetoa. Hawajajibu, ila wametuma mtu kuangalia kibao. Amenipa hadi mwisho wa Oktoba niwe nimeipaka ile namba, la sivyo nikabidhi Kitabu na funguo. Nilimkaribisha chini akaone vioo, akasema viatu vyake ni vipya.

Mama yako huvuka kila siku kwenda kumuuguza dada yake ng'ambo. Zamani alikuwa akivuka mimi naendelea na shughuli zangu. Siku hizi nasimama nahesabu hatua zake mpaka afike, ni mia tatu na kumi na mbili, kisha jioni nahesabu tena. Hajui, usimwambie.

Umeuliza kama nimekusamehe. Nilikufundisha mimi kuandika namba, kwa chaki, kwenye nguzo ya kwanza. Ulikuwa unazigeuza, tano mahali pa sita na sita mahali pa tano, nami nilikuwa nacheka, nafuta kwa kiganja, sikusahihishi. Niliona raha tu kuwa na mwenzangu pale chini. Kwa hiyo hilo kosa tugawane.

Sikwambii la kufanya. Wewe ni mtu mzima, na anayelala na mgonjwa ndiye ajuaye miguno.

Baba yako,
Fundi


24 Oktoba

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo na mama bado anavuka salama.

Nimefanya, baba. Nilichukua ile nusu karatasi nikaipeleka kwa mwandishi wa gazeti. Akaitoa ukurasa wa kwanza, mwandiko wa Kimya upande huu, sheria upande ule, na chini yake maelezo yangu kwamba mimi ndiye niliyegeuza namba. Usiku huo sikupata usingizi hata kidogo. Nilijua kesho yake mji utatikisika.

Ulitikisika asubuhi moja. Nilikwenda tena kwenye ile roshani, safari hii bila mafaili, nimekaa peke yangu. Pande zote mbili zilisimama zikapiga meza kwa hasira. Maneno makali niliyoyasikia mle yangeweza kuezua paa. Waziri akasema taifa limeaibishwa na kosa la karani. Kiongozi wa upinzani akasema haiwezekani usalama wa wananchi uchezewe na karani. Wakaomba namba isahihishwe mara moja, irudi ilivyokusudiwa. Spika akaomba mikono. Ile mikono yote ikainuka, kulia na kushoto. Safari hii dakika tano. Hamsini na sita, baba. Wakapiga makofi, wengine wakakumbatiana kwa kuwa wameokoa maisha ya watu.

Nilingoja mtu mmoja, hata wa kiti cha nyuma kabisa, aulize kwa nini sheria ya nchi imeandikwa kwa mkono wa mwenye malori. Nilingoja mpaka wahudumu wakaanza kuzima taa. Nilikuwa nimemwaga ukweli wote mezani, na wao wameufuta, wametandika kitambaa kingine.

Kimya aliniita jioni hiyo hiyo. Akanipa mkono. Akasema, "Umetuondolea aibu. Tuliomba hamsini na sita, na sasa tunayo kihalali kabisa." Akauliza kama nimekunywa chai. Kisha akaniambia kwa upole ule ule kwamba nisirudi kesho.

Nimekaa chumbani kwangu siku nne na sijui nikasirike au nicheke. Zaidi ya yote nashangaa. Sikujua kitu kinaweza kuwa kikubwa hivyo, kikameza mpaka kisu ulichokichoma nacho. Nisamehe, baba. Nilitaka kukurudishia arobaini na nane yako.

Mwanao,
Kifunguamimba


5 Novemba

Kwa mwanangu Kifunguamimba,

Marahaba, marahaba tena. Sisi ni wazima kuliko wakati wowote mwaka huu. Kaa chini ndipo usome.

Lile gazeti mama yako amelitundika ukutani, upande wa jina lako, na jirani akiingia hawezi kupewa hata maji kabla hajalisoma. Unasema hukufanikiwa. Subiri.

Ile amri ya kuandika 65 ilikufa pamoja na sheria yake, Kitabu na funguo bado ninavyo. Malori yamekuja na hamsini na sita zao halali, na Jumamosi kioo cha tatu kimevunjika. Nilikuwa juu ya ngazi. Nilikisikia. Kilitoa sauti ndogo sana, na nikashuka, nikafungua Kitabu. Nakunakilia ukurasa wa mwisho kama ulivyo: "Kioo cha tatu: mtunza daraja atafunga njia kwa magari yote ya mizigo. Njia haitafunguliwa na mtu yeyote mpaka mhandisi wa madaraja apime na atie sahihi yake humu." Na chini yake kuna mhuri wa bunge, wa mwaka ule daraja lilipozinduliwa. Ni sheria, mwanangu. Ilipitishwa pamoja na daraja na haijaguswa hadi leo. Walibadilisha namba, na wakaibadilisha tena, lakini ukurasa huu hawakuubadilisha kwa kuwa hakuna anayejua upo. Hawasomi.

Basi nimefunga. Sina geti, sina askari. Nimechukua ile kamba niliyoteremshiwa nikiwa na miaka kumi na tisa, mama yako aliianikia nguo miaka yote hii, akaniletea mwenyewe huku akilalamika kuhusu nguo zake zitaanikwa wapi. Nimeifunga juu, mlangoni mwa daraja, nguzo ya ukingo hadi nguzo ya ukingo. Watu wa miguu na baiskeli wanapita pembeni, na basi likija naishusha kamba. Malori hayapiti. Hadi jioni yalikuwa yamejipanga hadi juu kilimani, sijawahi kuona kitu kama kile.

Madereva walinijia juu, na haki yao, wana njaa na safari. Sikubishana nao. Nilimchukua wa kwanza, mtu mkubwa, sauti nzito, nikamwambia ashuke nami chini aone, kisha akitaka akate kamba mwenyewe. Alisimama mbele ya kioo cha tatu muda mrefu. Akaingiza ukucha kwenye ule mkato. Halafu akaweka kiganja kwenye nguzo, na mimi sikumwonyesha. Alipopanda juu alikwenda akazima injini. Mmoja mmoja wakaanza kuzima, hadi kilimani, mpaka tukausikia mto. Nililia mwanangu, mbele ya watu, na sioni haya kukuambia.

Polisi wamekuja. Mkubwa wao akasoma ukurasa, akausoma tena akifuata kwa kidole. Nafikiri ni mtu wa kwanza kusoma kitu mwaka huu. Akasema kamba ibaki, na akaacha askari wawili kuilinda. Mhandisi ameagizwa, anakuja wiki ijayo. Atapima, atatia sahihi yake au atakataa kuitia, na hapo daraja litaulizwa tena na litajibu lenyewe. Sijui litajibu nini. Najua tu kwamba safari hii kuna mtu atakayelisikiliza, kwa sababu malori yote yamesimama, na ulishawahi kuona matajiri wanavyojifunza haraka mali ikisimama.

Nahitaji vioo. Duka la huku lina vinene tu, na vinatakiwa vyembamba. Tafuta vitatu na kimoja cha akiba. Na uje navyo wewe mwenyewe, mama yako hana mikono ya kunishikia ngazi na mimi goti limezeeka.

Baba yako,
Fundi


10 Novemba

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Naandika haraka, begi liko mlangoni, na pengine nitafika kabla ya barua hii.

Mama Chai alikuja jana usiku mbio, hata viatu hakubadili. Anasema Kimya alipoletewa simu mezani na kuambiwa daraja limefungwa, alisikiliza, akauliza limefungwa na nini. Akaambiwa. Na hapo, baba, ghorofa nzima ilisimama. Watu walitoka vyumbani kwao kuja kuona ni nani. Miaka kumi na minane Mama Chai anampikia chai, na hakuwa anajua kwamba ana sauti. Anasema alipiga kelele neno moja tu, akalirudia, kama mtu asiyejua maana yake. "Kamba?"

Nimekaa nalo neno hilo hadi asubuhi. Wewe na hiyo kamba ya kuanikia nguo.

Vioo nimevipata, vyembamba, vinne. Fundi wa vioo alitaka kuvifunga kwa gazeti, Mama Chai akakataa, akatoa kwenye mkoba vile vitambaa viwili vya meza, kile cha chama tawala na kile cha upinzani. Anasema ofisini hawavihitaji sasa, wageni wa pande zote mbili wamepiga simu kusema wana shughuli. Amevifungia vioo viwili humu na viwili humu. Ni kitambaa kizito kweli, havitavunjika njiani.

Nitashukia upande wa huku wa daraja, nivuke kwa miguu. Usinihesabie hatua. Mhandisi akishataja namba yake, yoyote ile, kibao nitakipaka mimi, na wewe simama nyuma yangu uisome kabla rangi haijakauka.

Mwanao, mshika ngazi wako,
Kifunguamimba